Pete mguuni mwa ndege yaeleza safari yake

Hoteli ya Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ilijengwa ukingoni mwa mlima, na taa zake kali ziliwekwa ili wageni waone wanyama wajao usiku kunywa maji. Lakini tangu ilipofunguliwa mwaka 1969, taa hizo zimevuta wageni wengine. Usiku wenye ukungu na usio na mbalamwezi, hasa Novemba na Disemba, maelfu ya ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hupotewa na njia na kushuka hapo.

Wataalamu huwanasa kwa nyavu nyembamba, huwapima uzito na mabawa, kisha humvisha kila mmoja pete nyepesi mguuni. Pete hiyo ina nambari yake ya pekee na anwani ya kupelekea taarifa. Baada ya hapo ndege huachiliwa aendelee na safari.

Utaratibu huu ulianzishwa mwaka 1899 na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliyewavisha kwezi pete za alumini. Huko Ngulia ndege waliokwisha kuvishwa ni mamia ya maelfu, na baadhi ya pete zao zimepatikana Uarabuni na hata Urusi.

Hata hivyo, pete ni bubu mpaka mtu aisome. Yahitaji mchungaji, mvuvi au mwindaji aiokote na kutoa habari, na wafanyao hivyo ni wachache mno. Wengine huingiwa na shaka. Mwaka 2013 nchini Misri, korongo aliyebeba kifaa cha utafiti alizuiliwa na polisi kwa kushukiwa kuwa jasusi. Aliachiliwa, lakini baadaye iliarifiwa kwamba aliuawa na kuliwa.

Vifaa vya setilaiti havimngoji msomaji. Kekeo aliyepewa jina Onon, aliyefungwa kifaa nchini Mongolia Juni 2019, alifuatiliwa akivuka Bahari ya Hindi na kupitia Kenya hadi Zambia, kisha akarejea kwao Mei 2020 baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 26,000.

Kwa nini basi pete zisiachwe? Sababu ni uzito. Kekeo ana gramu 100 hivi, na kifaa cha gramu tano hakimlemei. Lakini shoro wa Ulaya, mmoja wa ndege wapitao Ngulia kwa wingi, hana zaidi ya gramu 12 au 13, naye mzigo huo hauwezi.

Aokotaye ndege mfu mwenye pete anaombwa kunakili nambari na anwani yote, pamoja na tarehe na mahali. Akiwa hai, asivuliwe pete, bali isomwe naye aachiwe. Kwa kawaida mtoa taarifa hujibiwa kwa kuelezwa ndege huyo alivishwa pete wapi na lini.