Maumivu Yake si Deko

Mpwa wangu, mkazi wa Bondeni hapa Mombasa, ana selimundu. Neno hili limeundwa kwa ufasaha, kwani chembechembe nyekundu za damu hupinda mithili ya mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali mifupani. Neno la dhuluma ni 'deko', ambalo mtoto huyu hutupiwa kila anapolia. Nakiri, msomaji mpenzi, kwamba hata mimi mwalimu wa lugha nimewahi kulitamka.

Usiku mmoja wa baridi ya kusi maumivu yalimshika. Mamake alimkanda kwa maji ya moto, akamnywesha maji na dawa, wala hakumwuliza kama kweli anaumwa. Homa ilipopanda hakungoja kuche, alimkimbiza hospitali.

Wapo waliomlaumu mama huyo kwa 'damu ya kwao'. Ugonjwa huu hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui. Tena hukingika na malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison, aliyelelewa nchini Kenya, mwaka 1954. Ndiyo maana wabebaji ni wengi Pwani.

Shemeji alipoelezwa hayo alinyamaza kitambo. Siku hizi ndiye aamkaye usiku kuchemsha maji.