Kucheza Peke Yako na Kucheza kwa Kushindana

Msafiri atokaye Jinja kuelekea Iganga, kabla hajatulia vema kitini mwake, huwa amekwisha kuingia Bugembe, mji mdogo uliobeba makao makuu ya ufalme wa Busoga, ambako Novemba 2023 Kyabazinga William Gabula Nadiope wa Nne alifunga ndoa katika Kanisa Kuu la Kristo. Na kwa kuwa barabara ile ndiyo ipitishayo malori yatokayo Mombasa kwa njia ya mpaka wa Malaba, Kiswahili si mgeni hapo, bali husikika vinywani mwa madereva, wachuuzi na askari, ingawa Kisoga ndicho kitawalacho majumbani. Katika miji ya namna hii, Uganda nzima, vibanda vya filamu vimezoeleka tangu zamani, ambamo msimulizi aitwaye viijei huifasiri picha ya kigeni kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji wenyewe, akitia chumvi na mzaha apendavyo. Na ubavuni mwa vibanda hivyo, pengine chini ya bati lile lile, vimezuka vyumba vya gemu, vyenye televisheni mbili tatu, mashine za PlayStation zilizokwisha kupita mikono mingi, na benchi la mbao.

Aingiaye humo wakati wa likizo za shule hukuta vijana wawili wamekaa mbele ya kioo, kila mmoja na pedi yake, ambayo mpira wa kidole gumba umelika hata plastiki ya ndani imechomoza, na waya wake umefungwa utepe mweusi shingoni. Nyuma yao wamesimama watano au sita wanaongoja zamu, wakitoa mashauri yasiyoombwa. Na mwenye chumba, au mdogo wake aliyeachiwa kazi, ameketi mlangoni na sarafu zake katika kopo. Kinachochezwa aghalabu ni kandanda, ama FIFA ama PES, ambazo kampuni zake zimekwisha kuzibadili majina, ile ya pili ikawa eFootball mwaka 2021 na ile ya kwanza EA Sports FC mwaka 2023, lakini vinywani mwa wachezaji majina ya zamani hayajang'oka. Kanuni ya chumba ni fupi: aliyefungwa hulipa na kuinuka, mshindi hubaki.

Mtazamaji wa haraka ataondoka hapo akiamini kwamba vijana wetu kwa hulka yao hawapendi mchezo usio na mshindani, na kwamba kucheza peke yako, saa nyingi, katika hadithi ndefu isiyo na mtu wa kumfunga, ni anasa ya watoto wa Ulaya na Marekani. Mimi naona kosa katika hukumu hiyo. Kilichoamua mchezo gani uchezwe Bugembe si hulka ya mtu bali hesabu ya mwenye mashine, ambaye hana bidhaa nyingine ya kuuza isipokuwa wakati. Na mechi ya kandanda, iliyopangwa dakika chache kila kipindi, ina mwanzo na mwisho unaojulikana, huchezwa na watu wawili badala ya mmoja, na ikiisha daima kuna mtu wa kudaiwa. Gemu ya hadithi kama God of War, iliyotoka mwaka 2005, humtaka mtu mmoja kwa saa nyingi sana, na fauka ya hayo humtaka ahifadhi alipofikia ili kesho aendelee; na katika PlayStation ya pili hifadhi hiyo ilikaa katika kadi ndogo ya megabaiti 8, ambayo katika chumba cha watu wote haina mlinzi, kwa maana kidole cha mgeni kikibonyeza pasipostahili, safari ya wiki nzima hufutika. Ndiyo maana wengi waliokulia katika vyumba hivi walizijua sura za kwanza za gemu kama hizo kwa moyo, wakazirudia na kuzirudia, wala mwisho wake hawakuuona.

Kulikuwa na gemu moja ya peke yako iliyoponea tundu la sindano, nayo ni Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004; iliponea kwa sababu haikulazimu kuhifadhi kitu, maana mji mzima ulikuwa wazi, na kijana mwenye sarafu moja aliweza kuendesha gari hata ufukweni, kuruka kwa ndege, au kutembea tu bila shughuli akitazama jua la kwenye kioo likizama. Watoto waliandika nyuma ya madaftari ya shule mfululizo wa vitufe vya siri vinavyoleta silaha, fedha au pikipiki, wakavikariri kwa bidii ambayo walimu wao wangeionea wivu. Hao hawakuwa wakishindana na mtu. Walikuwa wakitalii.

Kwa kweli tarehe ya michezo hii yenyewe ilianza kwa ushindani, na kwa sababu isiyo ya hulka pia. Spacewar!, iliyotungwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1962, ilikuwa vita ya vyombo viwili vya angani, na Pong ya kampuni ya Atari, iliyotoka mwaka 1972, ilitaka watu wawili wakabiliane, kwa kuwa mashine za siku zile zilikuwa na akili haba, zisiweze kuwa mpinzani wa kutosha. Baadaye ikaja Space Invaders ya Wajapani mwaka 1978, ambamo mtu mmoja hupambana na jeshi la mashine. Lakini hata hapo, juu ya kioo, iliandikwa alama ya juu kupita zote zilizokwisha kupatikana, hivi kwamba aliyecheza peke yake alikuwa akikimbizana na mtu asiyemwona. Mwaka 1984 Alexey Pajitnov wa Moscow akaiunda Tetris, ambamo vipande huanguka na kuanguka hata mchezaji ashindwe. Wazee wa Busoga na Buganda waketio kwenye mweso wenye mashimo 32 na kete 64, kama ndugu zao wa Zanzibar kwenye bao, wangeuliza ni mchezo gani huo usio na mwenzio wa kumla. Maana kwao mchezo bila ya mtu wa kukabili, na bila ya watazamaji wa kumcheka aliyeliwa, hauna ladha. Nawaheshimu wazee hao, lakini katika hili siwafuati.

Mwenye kuyapambanua haya kwa insafu kuliko wengi ni Mwingereza Richard Bartle, ambaye mwaka 1978, pamoja na mwenziwe Roy Trubshaw, katika Chuo Kikuu cha Essex, walianzisha MUD, gemu ya maneno matupu iliyowakutanisha watu wengi katika ulimwengu mmoja wa kompyuta. Mwaka 1996 Bartle alichapisha makala akiwagawa wachezaji kwa mafungu manne ya karata. Uru ni wale watakao mali na daraja, wakusanyao pointi na vyeo. Shupaza ni wachimbaji, wapendao kujua kila pembe ya ulimwengu ule na kila siri ya mtambo wake. Kopa ni wale ambao mchezo kwao ni sababu tu ya kukaa na watu na kuzungumza. Na pau ni wenye rungu, ambao furaha yao haitimii mpaka mwingine aanguke na aumie. Bartle aliwaona wote wanne ndani ya gemu ile ile moja, tena gemu ya umati. Maana yake hata penye watu wengi yuko shupaza ambaye angefurahi kama wote wangeondoka wakamwachia nafasi. Katika chumba cha Bugembe kanuni ya aliyefungwa hulipa imemfanya pau kuwa turufu. Uru hujikimu humo, kopa hupata benchi la kupigia soga; shupaza ndiye hana mahali.

Tazama tena jinsi kushindwa kunavyogawanywa. Katika chumba cha mshindi hubaki, hodari hukaa kitini jioni nzima kwa fedha za wanyonge, na kila somo analopata mnyonge hulilipia kwa sarafu na kwa kicheko cha waliosimama nyuma. Atakayevumilia atakuwa hodari, lakini wengi hawavumilii, wakaishia kuwa watazamaji. Katika mashindano ya mtandaoni hutumika hesabu iliyotokana na kazi ya Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, ambaye mizani yake ya kuwapima wachezaji wa sataranji ilikubaliwa na shirikisho la dunia mwaka 1970: ukishinda hupanda, ukishindwa hushuka, na mtambo hukutafutia mtu wa kiasi chako. Ni haki iliyo nzuri, lakini ina uchungu wake uliofichika, kwamba kadiri unavyokuwa bora ndivyo unavyopewa walio bora zaidi, na hivyo hushinda takriban nusu na kushindwa nusu, mwaka huu na mwaka ujao. Katika gemu ya peke yako, mtunzi hakuketi kukuzuia. Amekusudia ufike mwisho, na kila anguko amelipima ili likufundishe kitu kabla ya kukufungulia mlango. Tena unaanguka bila shahidi. Kwa kijana mwenye haya, ambaye darasani hanyoshi mkono na uwanjani hachaguliwi, faragha hiyo ni rehema, na sioni kwa nini aitwe mvivu kwa kuitaka.

Atakayesema kwamba raha ya faragha haizai kitu na amtazame Lual Mayen. Alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan ya kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda hii hii. Mwaka 2007 akaiona kompyuta kwa mara ya kwanza mahali pa kuandikisha wakimbizi, akaitamani. Na mama yake, pasipo kumwambia, akadunduliza kwa miaka mitatu hata akapata dola 300 za kuinunua. Kambini hapakuwa na umeme, basi kijana akatembea saa tatu kwa miguu kwenda mahali pa kuichaji, akajifundisha mwenyewe, na akatunga gemu aliyoiita Salaam, ambamo mchezaji si askari bali ni mkimbizi akimbiaye mabomu akitafuta maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alitunukiwa nishani katika The Game Awards kule Marekani. Hakuna mshindani ndani ya gemu ile wa kufungwa wala wa kufedheheshwa. Kuna njia tu na uhai wa mtu mmoja, nao mchezaji hukabidhiwa.

Si kwamba ushindani ni balaa. Kenya inaye Sylvia Gathoni, mwenye lakabu ya QueenArrow, aliyecheza gemu ya Tekken 7 akiwa mwanafunzi wa sheria hata akasajiliwa na timu ya UYU ya Marekani, akawafungulia njia wasichana ambao katika vyumba vya gemu wakionekana mlangoni huulizwa wamemfuata nani. Uganda inaye Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa sataranji na Robert Katende, na mwaka 2012 akapata daraja ya kimataifa katika mchezo ambao hauna maana bila ya mpinzani. Ushindani humtia mtu ari, humfundisha kumsoma mwenziwe na kuzuia hamaki. Na benchi la Bugembe limezaa urafiki mwingi kuliko simu zote za mji. Ubaya huingia pale sarafu ya zamu inapogeuka kuwa dau, wawili wakaweka elfu elfu mezani na walio nyuma wakaongeza zao. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya umri wa miaka 25 kucheza kamari, lakini kijana wa miaka 15 anayeshindania elfu mbili kwenye pedi hajioni kuwa mcheza kamari hata kidogo, wala mwenye chumba hana haja ya kumzindua, maana chumba kimejaa.

Simu ndiyo iliyoanza kumrudishia maskini mchezo wa faragha. Wengi wetu tuliuonja kwanza kwa nyoka wa Nokia, aliyetokea katika simu ya 6110 mwaka 1997 na kuenea mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kugusa PlayStation. Kondakta alimlisha nyoka wake akingoja taksi ijae, na mlinzi wa usiku alimlisha hata alfajiri. Gemu za simu za leo ni za rangi na fahari zaidi, lakini amani ya nyoka hazina: kila dakika hukuonyesha nani amekupita, hukatiza mchezo kwa matangazo yanayokula bando lako, na hukuuzia nguvu za kuwapita wengine. Faragha imeingiliwa tena na soko, safari hii ndani ya mfuko wa suruali.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vyumba vya gemu wa Bugembe, Jinja na Mbale. Tengeni mashine moja, hata iwe ile kuukuu, isiyo ya mechi. Iuzwe kwa saa, na kwa nusu bei saa za asubuhi ambapo mabenchi ni matupu. Na kila mteja wake awe na nafasi yake ya kuhifadhi alipofikia, jina lake limeandikwa, asiifute mwingine. Nanyi wazazi, mtoto akirudi kutoka chumbani kwa jirani mwenye gemu, msimwulize kwanza kama ameshinda. Mwulizeni amefika wapi.