Mwenzio Akibadilika Tabia, Huenda ni Mgonjwa

Chukua mfano huu. Mke ameishi na mume wake kwa miaka 25. Mume ana umri wa miaka 52. Ni mkulima hodari. Wanakijiji wanamwamini, nao wamemchagua kuwa mweka hazina wa ushirika wao. Kisha anaanza kubadilika. Anacheka msibani. Anawatolea wakwe zake maneno ya aibu. Anauza mbuzi kwa bei ya kuku. Anakula sukari mpaka kopo linakwisha. Mtoto akiumia, yeye anamtazama tu.

Watu watasema nini? Wengine watasema amepata mwanamke mwingine. Wengine watasema amerogwa. Mke naye atadhani hapendwi tena. Lakini huenda mtu huyu ni mgonjwa.

UGONJWA GANI HUU?

Ubongo una sehemu nyingi, na kila sehemu ina kazi yake. Sehemu ya mbele iko nyuma ya paji la uso. Hiyo hutusaidia kuona haya, kujizuia na kuwahurumia wengine. Sehemu za pembeni ziko karibu na masikio. Hizo hutusaidia kujua maana ya maneno. Katika ugonjwa huu, sehemu hizo hufa kidogo kidogo. Ni aina moja ya demensia, yaani ugonjwa wa kudhoofika akili.

Mara nyingi ugonjwa huu huanza mtu akiwa na umri wa miaka 45 hadi 65. Huwapata wanaume na wanawake. Mwanzoni mgonjwa anaweza kukumbuka mambo vizuri. Anaijua njia ya shambani. Anayajua majina ya watoto wake. Kinachoharibika kwanza ni tabia, au kusema. Ndiyo maana watu hudhani anafanya kusudi. Tena yeye mwenyewe mara nyingi haoni kwamba amebadilika.

Ugonjwa huu si mpya. Daktari Arnold Pick wa mji wa Prague alimweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1892. Wala hauchagui maskini. Mwaka 2023 familia ya Bruce Willis, mwigizaji maarufu wa sinema wa Marekani, ilitangaza kwamba anaumwa ugonjwa huu. Yeye alianza kwa kupata taabu ya kusema. Ugonjwa hauambukizi. Lakini katika baadhi ya koo hurithiwa.

MPELEKE HOSPITALI

Usiuze ng'ombe ili kumlipa mpiga ramli. Anza zahanati au kituo cha afya. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Nenda naye wewe mwenyewe. Yeye atasema, "Mimi mzima." Wewe mweleze daktari mambo uliyoyaona, na yalianza lini.

Yako maradhi mengine yanayoweza kufanana na huu. Kaswende, UKIMWI, ugonjwa wa tezi ya shingo, ulevi na huzuni kubwa huweza kubadili tabia ya mtu. Hayo yana matibabu, kwa hiyo usichelewe kupima. Dawa ya kuponya demensia hii bado haijapatikana. Hata hivyo daktari anaweza kupunguza baadhi ya taabu zake.

KUISHI NAYE

Usibishane naye. Usimpige wala usimfunge kamba. Sema naye kwa maneno machache, jambo moja kwa wakati mmoja. Chakula, kuoga na kulala kuwe na saa zake kila siku. Mpe kazi anayoiweza, kama kupukuchua mahindi. Weka mbali panga, kiberiti, pombe na dawa za kuulia wadudu. Asiendeshe pikipiki.

Waeleze watoto waziwazi: "Baba ni mgonjwa. Hawachukii." Mtoto asipoelezwa, atajilaumu.

LINDA MALI YA NYUMBANI

Mgonjwa huyu hudanganywa upesi. Anaweza kugawa fedha zote za mavuno kwa siku moja. Waeleze mapema ndugu, majirani na viongozi wa kijiji. Kama anashika fedha za ushirika, zikabidhiwe kwa mtu mwingine bila kumwaibisha.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakulinda. Mume au mke haruhusiwi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukisikia kuna mnunuzi, nenda upesi ofisi ya kijiji useme hujaridhia.

NAWE USIJISAHAU

Kazi hii ni nzito. Unamtunza mtu aliye hai, na huku unamlilia yule uliyemzoea. Siku nyingine utakasirika. Hilo ni jambo la kibinadamu. Ondoka kidogo, upumzike, kisha urudi. Mwombe shemeji akae naye siku moja kwa juma. Mtoto mkubwa asaidie, lakini asiache shule.

Na wewe jirani, usimcheke mgonjwa huyu wala usimtenge mke wake. Pita, salimia, kaa naye kidogo ili mwenziwe apate kwenda shambani au sokoni.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Usiufiche ugonjwa huu kwa aibu. Aliyebadilika ni mwenzio yule yule, ila ubongo wake unaumwa. Mpe matunzo, nawe ukubali kusaidiwa.