Je, Wajua Pikipiki ya Mtumba Huja na Milima Yake?

Fundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, niliyempelekea pikipiki yangu ya Yamaha DT hakuiwasha kwanza. Alifungua kifuniko cha pembeni, akaingiza vidole viwili, akavuta kipande cha sifongo kilichogeuka rangi ya tofali. Alipokibonyeza, vumbi lilimwagika kiganjani, kisha sifongo yenyewe ikamong'onyoka kama mkate wa juzi. "Hii imekunywa barabara," akasema.

Pikipiki hizi za njia mbaya zina ukoo mrefu. Yamaha ilitoa DT-1, mzee wa ukoo huo, mwaka 1968. Ndugu yake AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba: mnyororo wake umefunikwa wote, na ina stendi mbili, kulia na kushoto, ili uiegeshe upande wowote mteremko unapoelekea. Katika ukanda wetu nyingi zilianza kazi kwenye miradi ya kilimo na chanjo, zikachakazwa milimani, kisha zikauzwa. Anayeinunua leo Bujumbura hupewa funguo na kadi. Historia ya mashine lazima aisome mwenyewe, na mahali pa kuisomea ni pale inapovutia pumzi.

Nyingi kati ya pikipiki hizi zina injini ya mipigo miwili, na injini hiyo haivumilii hewa chafu. Katika injini ya mipigo minne, mchanganyiko wa hewa na petroli huingia moja kwa moja juu ya pistoni. Kwenye mipigo miwili hushuka kwanza chumba cha chini, ukapita kwenye beringi za krenki, ndipo usukumwe juu ukaungue. Kwa hiyo vumbi likipenya husaga beringi kabla halijafika kwenye silinda. Chembe nyingi za vumbi la barabarani ni mchanga wa kwatsi, mgumu kuliko chuma cha silinda. Mwenye pikipiki haoni kitu. Anaona tu kwamba kila mwezi nguvu inapungua mlimani.

Sifongo mpya ndiyo spea ya kwanza ya kununua, kabla ya kioo, kabla ya rangi. Ioshe kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni na maji. Ikamue kwa kuibana kati ya viganja. Ukiinyonga kama nguo itachanika. Ikaushe kivulini, uipake oili, uiminye mpaka oili ienee kote bila kudondoka. Oili ndiyo inayonasa vumbi. Sifongo kavu ni dirisha lililo wazi. Ukingo wake upake grisi, maana vumbi hupenda kupita pembeni. Wakati wa kiangazi, ukienda barabara za udongo kila siku, kazi hii ni ya kila wiki.

Kuna pumzi nyingine inayosahaulika. Pikipiki iliyolala ghalani muda mrefu hukauka sili za mpira kwenye ncha mbili za krenki. Sili ya upande wa klachi ikifa, injini huvuta oili ya gia: moshi mzito, na oili hupungua bila kuvuja chini. Ya upande wa magneto ikifa, huvuta hewa tupu. Utaijua pale unapoachia mafuta na mlio unakataa kushuka. Usiiendeshe hivyo hata siku moja. Sili ni rahisi. Krenki si rahisi.

Sasa milima. Bujumbura iko ufukweni mwa Tanganyika, ziwa ambalo uso wake uko kama mita 770 juu ya bahari. Gitega iko takribani mita 1,500, na Bugarama, barabara inapopanda kutoka jijini, hupita mita 2,000. Hewa ya Bugarama ni nyepesi kuliko ya ufukweni kwa zaidi ya asilimia 10, lakini kabureta haijui. Inaendelea kutoa petroli kwa jeti ileile, kile kijitundu cha shaba. Ndiyo maana ukipanda injini inakoroma na plagi inakuwa nyeusi. Hilo ni usumbufu tu. Hatari iko upande wa pili: pikipiki iliyofungiwa jeti ndogo ili iende vizuri huko juu, ikiletwa ziwani, hupata hewa nyingi na petroli kidogo. Huchemka, plagi inakuwa nyeupe, na siku ya joto pistoni inanoki. Muulize muuzaji ilifanya kazi wapi. Swali hilo lina thamani kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi.

Kuhusu oili, Yamaha ilianza mwaka 1964 kutumia pampu inayochota yenyewe 2T, oili ya mipigo miwili, kutoka tangi lake. Katika pikipiki ya mtumba usiiamini pampu hiyo mpaka ikuthibitishie. Kwa tangi la kwanza changanya mililita 20 mpaka 25 za 2T kwa kila lita ya petroli, tia alama kwenye tangi la oili, na uangalie kama inashuka. Petroli ya chupa, ambayo wengi wetu tumeinunua siku za uhaba, iache itulie kwenye chupa angavu: maji hukaa chini, mstari wake unaonekana.

Uangalizi wa namna hii si wa gereji tu. Mwaka 1988 Randy Mamola, Mmarekani wa mbio za pikipiki, na mwandishi Mwingereza Barry Coleman walikwenda Somalia wakakuta pikipiki za kazi ya afya zimetupwa zikiwa bado zinatengenezeka. Hapo ndipo ilipochipuka Riders for Health, shirika lililofundisha wahudumu wa afya Afrika kukagua pikipiki kila siku kabla ya kuondoka. Nawaheshimu kwa hilo. Pikipiki iliyolala ni mtoto aliyekosa chanjo.

Mengine ya kukagua yapitie haraka: gonga spoki kwa spana, inayolia kizito imelegea, tikisa usukani kutafuta beringi iliyokufa, badilisha mnyororo pamoja na meno yake.

Halafu panda Bugarama. Wakati wa kurudi, waendesha baiskeli waliobeba ndizi watakupita kwa kasi ya kutisha; waache. Kwenye mteremko mrefu, mafuta yakiwa yamefungwa, injini ya mipigo miwili inazunguka kwa kasi huku oili ikiingia tone kwa tone. Kila baada ya muda shika klachi, ipe mafuta kidogo inywe, kisha uachie. Ukifika chini zima, subiri ipoe, fungua plagi uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, pikipiki imeshakuwa ya Bujumbura.