Mashariki mwa Congo: vitabu vya kusoma nyumbani, kutoka hadithi za watoto kwenye simu hadi « Peponi » ya Gurnah

Mtoto wa darasa la kwanza mjini Uvira, Kalemie au Kindu anaporudi kutoka masomo, daftari lake lina maneno ya Kiswahili: mama, kuku, meza, maji. Sheria ya Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inaruhusu lugha za taifa zitumike darasani, na katika majimbo ya mashariki lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini nyumbani, mara nyingi kitabu pekee cha Kiswahili ni Biblia au kitabu cha nyimbo za kanisa. Hivyo ni vitabu vya wakubwa, tena vya herufi ndogo. Mtoto aliyeanza kuunganisha silabi hana cha kusoma. Baada ya miaka miwili hivi, shule inamvusha kwenye Kifaransa kabla hajamaliza hata hadithi moja katika lugha anayocheza nayo barazani. Katika shule nyingi za mijini havushwi hata kidogo: anaanza na Kifaransa siku ya kwanza.

Wazazi wengi wanasema vitabu vya Kiswahili havipo. Vipo, na vingine ni vya bure. Shida ni kwamba havitembei. Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na malori kutoka bandari ya Dar es Salaam yanapita Kasumbalesa kila siku, meli nazo zinavuka kutoka Kigoma hadi Kalemie na Uvira. Zinaleta saruji, vitenge, sukari na mafuta ya kupikia. Kitabu cha hadithi ni mara chache sana kukikuta kati ya mizigo hiyo, kwa kuwa mfanyabiashara haoni nani atakinunua.

Kwa watoto wadogo, pa kuanzia ni African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za picha ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake ziko katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na hazilipiwi. Mzazi anaweza kuzipakua kwenye simu mara moja, pale penye mtandao mzuri, kisha mtoto akazisoma bila kuchoma mega kila jioni. Zimepangwa kwa hatua: zile za mwanzo zina neno moja au sentensi fupi kwenye ukurasa, za mwisho zina aya nzima. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu na shule zikafunga milango kwa muda, simu ndiyo iliyobaki mikononi mwa familia nyingi. Ni vema hadithi kumi ziwe tayari ndani yake kabla ya siku kama hizo, si baada yake.

Kuna jambo litakalowasimamisha wasomaji wa huku. Nyingi kati ya hadithi hizo zimeandikwa katika Kiswahili cha Kenya na Tanzania. Mtoto wa Bukavu atakutana na « daladala » asijue ni gari la namna gani. Wa Lubumbashi atasoma « baiskeli », wakati kwao wanasema « kinga ». Wote wawili wataona « watoto » na « vitu », wakati midomo yao imezoea « batoto » na « bintu ». Wazazi wengine wanafunga simu hapo na kusema: hiki si Kiswahili chetu. Wana haki ya kulalamika, lakini wanaacha mapema mno. Hadithi ya kurasa kumi na mbili inaweza kuwa na maneno mawili au matatu magumu tu, na mzazi anaweza kuyaeleza huku akicheka.

Zaidi ya hayo, leseni ya hadithi hizo inamruhusu mtu yeyote kuzitafsiri, kuzibadili na kuzichapa, ila ataje majina ya waliozitunga na kuzichora. Mwalimu wa Baraka anaweza kuchukua hadithi ya soko la Nairobi, akaweka ndani yake pirogi, sambaza na mihogo, kisha akachapa nakala kwa darasa lake. Hilo lingekuwa na faida kuliko kungoja serikali ilete maboksi ya vitabu. Vitabu vya kusomea vya Kiswahili, Lingala na Tshiluba vilivyotengenezwa kwa misaada ya nje miaka iliyopita vimesaidia, lakini ni vya kufundishia. Mtoto hasomi kitabu cha silabi kwa sababu anataka kujua sungura ameishia wapi.

Kwa mtoto wa miaka tisa kwenda juu, kuna kitabu ambacho walimu wa Kifaransa wanakijua vizuri, lakini wachache wamekiona katika lugha yao: « Le Petit Prince » cha Antoine de Saint-Exupéry. Kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilikitoa kwa Kiswahili kwa jina la « Mwana Mdogo wa Mfalme », katika tafsiri ya Philipp Kruse na Walter Bgoya. Rubani ameanguka na ndege yake katika jangwa la Sahara, anakutana na mtoto aliyetoka kwenye sayari ndogo sana, na mtoto huyo anauliza maswali bila kuchoka. Familia iliyo na nakala zote mbili, ya Kiswahili na ya Kifaransa, ina mwalimu wa bure nyumbani: jioni ukurasa mmoja kwa lugha hii, kesho ukurasa uleule kwa lugha ile. Kwa mtoto anayevuka kutoka Kiswahili cha darasa la pili kwenda Kifaransa cha darasa la tatu, hilo ni daraja bora kuliko kukariri vitenzi.

Wanaopenda vichekesho wamtafute Alisi. Hadithi ya Lewis Carroll ya msichana aliyeanguka kwenye shimo la sungura ilitafsiriwa mara ya kwanza kwa Kiswahili mwaka 1940, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha jijini London, alitoa tafsiri mpya: « Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ». Hiki ni cha kusomewa na mtu mkubwa kwa sauti. Mtoto akiachwa peke yake atapotea, maana michezo ya maneno ni mingi.

Na Wacongo wenyewe? Dominique Mwankumi, mwandishi na mchoraji, ametoa vitabu vya watoto nchini Ufaransa tangu miaka ya 1990. Katika « Prince de la rue » kuna mtoto wa barabarani wa Kinshasa anayetengeneza magari ya kuchezea kwa vyuma vya kuokota. Katika « Wagenia », kuna wavuvi wa Kisangani na vikapu vyao vikubwa vilivyofungwa kwenye miti juu ya maji yanayovuma. Maandishi ni ya Kifaransa, lakini picha zinasema vya kutosha. Mama asiyesoma Kifaransa anaweza kufungua ukurasa na kusimulia kwa Kiswahili anachokiona, na mtoto atamrekebisha akikosea. In Koli Jean Bofane naye, kabla ya kujulikana kwa riwaya zake, alianza na kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 1996 kuhusu simba aliyeacha kuwa mfalme wa wanyama. Mobutu alikuwa bado madarakani. Watoto wanasoma habari za simba. Wazazi wanaelewa nyingine.

Kwa wakubwa, kitabu cha kwanza kutafuta ni « Peponi ».

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alipata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili, lakini vitabu vyake vyote ameviandika kwa Kiingereza. Ilibidi ningoje ya wasomaji wa Kiswahili iendelee hadi mwaka 2022, wakati Mkuki na Nyota ilipotoa tafsiri ya riwaya yake ya 1994, « Paradise ». Aliyeitafsiri ni yuleyule Ida Hadjivayanis wa Alisi.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Mfanyabiashara tajiri anayemwita ami Aziz huja kwao mara kwa mara, hula vizuri na humwachia sarafu. Siku moja wazazi wanamfungia Yusuf nguo zake na kumpandisha gari moshi pamoja na mgeni huyo. Baba ana deni, na mtoto ndiye rehani. Ni kijana mwingine dukani, Khalil, naye rehani kama yeye, anayemweleza ukweli: huyo si ami yako, mwite seyyid. Baadaye Yusuf anachukuliwa kwenye msafara wa biashara kwenda bara, mbali, hadi ng'ambo ya ziwa kubwa. Wajerumani wamekwisha ingia nchini, na vita vya kwanza vya dunia viko karibu.

Msomaji wa mashariki mwa Congo ana sababu yake ya kusoma habari hizo. Kiswahili hakikuota chenyewe Kasongo, Nyangwe na Kabambare. Kilikuja kwa njia hizohizo za misafara, pamoja na nguo, shanga na bunduki, na kwa njia hizo pembe za ndovu na watu vilishuka kwenda pwani. Tippu Tip, ambaye jina lake bado linatajwa Maniema, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na humo yeye ndiye shujaa. Gurnah anatazama msafara kutoka chini, kwa macho ya mtoto aliyetolewa kulipa deni. Hawasifu wafanyabiashara wa pwani, hawasifu machifu wa bara, na Mzungu anapotokea hamfanyi mkombozi. Ni nadra kukuta kitabu kinachozungumza jambo hilo bila kumpendelea mtu.

Si kitabu chepesi. Kiswahili chake ni cha pwani, chenye maneno ya Kiarabu ambayo msomaji wa Kindu au Bunia hajayasikia. Afadhali asikimbilie kamusi kila mstari. Baada ya kurasa thelathini sikio linazoea. Na kisiwe cha watoto wadogo: kina mambo ya tamaa na ukatili yanayomfaa kijana wa miaka kumi na sita hivi na zaidi.

Vitabu vingine vya karibuni kuhusu Congo viko kwa Kifaransa. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Austria, aliandika « La Danse du Vilain » (2020), yenye watoto wa barabarani wa mji wake na wachimba almasi waliovuka kwenda Angola. Anaandika kama bendi inavyopiga, na si kila mtu atamfuata hadi mwisho. Sinzo Aanza, mzaliwa wa Goma, katika « Généalogie d'une banalité » (2015) anaonyesha wakaaji wa mtaa mmoja wa Lubumbashi wanaochimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Kolwezi watamwelewa bila maelezo. Blaise Ndala ametoa mwaka 2025 « L'Équation avant la nuit », ambamo uranium ya Shinkolobwe inakutana na mbio za bomu la atomiki. Wengi mjini Likasi wanajua shimo hilo liko wapi, lakini ni wachache waliowahi kusoma lilichofanya duniani. Gaël Faye alipata tuzo ya Renaudot mwaka 2024 kwa « Jacaranda », ila kwa kijana wa sekondari ni heri aanze na « Petit pays » ya 2016: ni fupi, inaenda haraka, na Bukavu ya miaka ya 1990 imo ndani yake.

Kuna kimoja ambacho si kipya hata kidogo, ila kwa wasomaji wengi kitakuwa kipya. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Lubumbashi kama walivyoiona maboyi, yaani wafanyakazi wa nyumbani mwa Wazungu, na kuiita « Vocabulaire de la ville de Elisabethville ». Jina ni la Kifaransa, maandishi ni Kiswahili cha Katanga kilekile cha mitaani. Mtafiti Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990, na kinapatikana bure kwenye mtandao. Yule mzazi anayesema Kiswahili cha vitabu si chetu, aanze hapa. Tahajia yake inachosha macho, na dawa yake ni kusoma kwa sauti: sikio linatambua mara moja.

Kuvipata kunahitaji ujanja kidogo. Vya Dar es Salaam huagizwa kwa mfanyabiashara anayekwenda Kigoma au Dar kuchukua mizigo. Kitabu kimoja hakizidishi uzito wa mfuko wake. Vya Kifaransa, Lubumbashi wana maktaba ya Halle de l'Étoile. Bei ya kitabu kipya ni nzito kwa familia moja, kwa hiyo familia tano zichange kununua « Peponi » moja na « Mwana Mdogo wa Mfalme » mmoja, zivifunike kwa plastiki kama madaftari ya shule, na kwenye ukurasa wa kwanza waandike kwa biki jina la kila anayekichukua na tarehe ya kukirudisha.