Usukani Unaolia: Pampu Husingiziwa, Mpira Ndio Mwizi

WAFANYABIASHARA wanaosomba mahindi, muhogo na machungwa kwa pikapu kutoka Kwedizinga, Kabuku na Sindeni kwenda Korogwe wengi wao wanaifahamu sauti hii. Gari linageuzwa taratibu kwenye uchochoro wa soko, usukani umekatwa hadi mwisho, na chini ya boneti kunatoka mlio mwembamba kama wa mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Kadiri usukani unavyokatwa, ndivyo mlio unavyopanda.

"Pampu hii, bosi," anasema fundi bila hata kufungua boneti. Tajiri wa gari anapigiwa simu, fedha inatumwa, pampu ya mtumba inafungwa. Wiki mbili baadaye mlio umerudi, fedha imetoka mara mbili na mzigo umelala njiani. Mahindi yanaweza kusubiri, machungwa hayasubiri.

Ukurasa huu wa masoko huzungumzia zaidi bei ya gunia kuliko spea. Hata hivyo, gharama ya usafiri imo ndani ya bei hiyo, na sehemu ya gharama hiyo hupotelea kwenye pampu ambazo hazikuwa na kosa.

Usukani wenye msaada wa mafuta, ambao mafundi huuita pawa stelingi, una pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda. Pampu huvuta mafuta kutoka kwenye kikopo kwa mpira wa kawaida, huyasukuma kwa nguvu kubwa kwenda kwenye boksi la usukani kupitia mpira mgumu, kisha mafuta hurudi kikoponi. Mhandisi Francis Davis wa Marekani, aliyetoka kwenye kiwanda cha magari cha Pierce-Arrow, aliuonyesha mtambo wa aina hiyo mwaka 1926, na kampuni ya Chrysler ikauweka kwenye magari yake mwaka 1951. Hilux za zamani zisizokuwa na msaada huo haziugui ugonjwa huu. Zilichokuwa zikichosha ni mabega ya dereva.

Pampu imeundwa kusukuma mafuta, si hewa. Mafuta yakipungua, au hewa ikipenya, mapovu huingia ndani ya pampu na kupasuka humo kwa kishindo kidogo kidogo, na mkusanyiko wa vishindo hivyo ndio mlio unaosikika. Pampu inayolia basi mara nyingi ni pampu yenye kiu, haijafa bado. Ikiachwa ifanye kazi na kiu hiyo kwa muda mrefu, vyuma vyake vitasagana na hapo itakufa kweli.

Kwanza itofautishwe sauti. Ukelele mkali wa ghafla unaosikika usukani unapofika mwisho, au asubuhi injini inapowashwa, kwa kawaida ni wa mkanda uliolegea au uliochakaa. Kuukaza au kuubadilisha ni kazi ndogo. Mlio unaovuma na kupanda pamoja na mwendo wa injini ndio wa mafuta na pampu.

Baada ya hapo dereva afungue kikopo. Hilux nyingi zenye pawa stelingi hutumia mafuta ya gia za otomatiki ya aina ya Dexron II au III, ambayo rangi yake ni nyekundu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamechoka. Yakiwa na povu, kama maziwa yaliyotiwa rangi, hewa imeingia. Yakiwa yamepungua, yamekwenda mahali fulani, na kuyaongeza tu bila kutafuta yanakovujia ni kununua muda. Asije mtu akatia mafuta ya breki eti kwa kuwa ndiyo yaliyopo dukani. Huharibu sili zote za mpira, na hapo gharama inakuwa ya mtambo mzima.

Mwizi anayesahaulika zaidi ni ule mpira wa kawaida unaotoka kikoponi kwenda kwenye pampu. Kwa joto la injini na vumbi la barabara zetu za ndani, mpira hukakamaa, na kilipu yake hulegea. Kwa kuwa upande huo pampu inavuta, ufa mdogo unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone la mafuta chini, ndiyo maana fundi anayetazama sakafu tu haoni kitu. Jaribio lake ni rahisi: injini ikiwa inanguruma, pakaa grisi kwenye maungio ya mpira huo, mbali na mkanda na feni. Mlio ukipungua, umemkamata. Kipande cha mpira unaofaa mafuta na kilipu mbili ni sehemu ndogo sana ya bei ya pampu.

Chujio lililomo ndani ya kikopo nalo likaguliwe, kwani likiziba pampu hukosa mafuta ingawa kikopo kimejaa.

Mafuta mapya yakishatiwa, hewa itolewe. Pandisha magurudumu ya mbele kwa jeki na uweke stendi imara, injini ikiwa imezimwa. Zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa huku mwenzako akiongeza mafuta, ndipo uwashe injini na kurudia mpaka povu liishe. Mlio ukiendelea baada ya yote hayo, sasa pampu inastahili kulaumiwa. Itakayofungwa ipewe mafuta mapya, kwa sababu unga wa chuma uliobaki kwenye mafuta ya zamani utaila nayo.

Madereva waonywe wasiushikilie usukani umekatwa hadi mwisho zaidi ya sekunde chache, tabia ya wanaobana sokoni. Upepo wa tairi za mbele usipungue, maana tairi laini huongeza kazi ya pampu. Mafuta yakiisha kabisa usukani bado hugeuka lakini huwa mzito ghafla, jambo la kutisha kwa anayeshuka kona za Lushoto kuelekea Mombo akiwa na tani ya mboga mgongoni.

Kwa anayenunua pikapu iliyotumika, amwambie dalali aiache ipoe usiku mzima. Asubuhi aiwashe mwenyewe, akate usukani pande zote mbili akiwa amesimama, kisha afungue kikopo. Mlio ukisikika, apunguze bei ya pampu nzima katika mapatano, hata kama anashuku kwamba ni mpira tu.