Ufizi wa nyuma umevimba? Sio lazima jino liwe limetoboka

Wadau, hii kitu inawatesa vijana wengi hapa Mwanza halafu wengi wanaitibu ndivyo sivyo. Unaamka asubuhi, ufizi wa nyuma kabisa umevimba, mdomo haufunguki vizuri na unatoa harufu, kutafuna ni adhabu. Ukijiangalia kwenye kioo huoni tundu lolote. Sasa ni nini?

Mara nyingi ni gego la mwisho, lile wengine wanaita jino la akili. Kwa wengi linaota kati ya miaka 17 na 25, yaani umri wetu sisi. Likikosa nafasi, hasa kwenye taya la chini, linatoka nusu tu na nusu nyingine inabaki imefunikwa na kipande cha ufizi. Chini ya hicho kifuniko chakula kinaingia, mswaki haufiki, bakteria wanazaliana. Gego la juu nalo kila ukitafuna linagonga palepale palipovimba!

Kinachoniudhi mimi ni huu mtindo wa kukimbilia duka la dawa, unasema "nipe za jino", unapewa vidonge bila mtu kukuangalia mdomoni. Maumivu yanapoa, baada ya muda yanarudi, maana kifuniko bado kipo na uchafu bado upo. Na aspirini usiibandike kwenye ufizi jamani, inaunguza nyama.

Nyumbani sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, piga mswaki taratibu hapohapo panapouma. Hiyo ni ya kukuvusha tu hadi ufike kwa daktari wa meno, Sekou Toure au Bugando. Uliyeko visiwani Ukerewe anzia hospitali ya wilaya pale Nansio. Daktari anasafisha chini ya ufizi, anaweza kupiga eksirei kuona jino limelalaje, ndo anaamua: liachwe, ufizi ukatwe, au ling'olewe kwa ganzi. (Ile habari ya mtaani kwamba ukiling'oa gego la juu unapofuka ni uzushi.)

Ila kama uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni, una homa, kumeza ni shida, ulimi unanyanyuka, usisubiri asubuhi. Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliieleza hali hiyo mwaka 1836, na mpaka leo inaua, kwa sababu uvimbe unaziba njia ya hewa. Hapo usipange foleni ya meno, nenda moja kwa moja idara ya dharura, hata kama ni saa nane usiku.